Mshono wa Fundi Albano

Mume wangu Albano alikuwa na ngiri, na mimi, mkewe wa ndoa ya kanisani, nilitakiwa nijifanye sijui. Tulikuwa tunaishi Chang'ombe, katika chumba ambacho ukipiga chafya upande huu, pazia linatikisika upande ule. Nguo zake nilifua mimi. Nilimwona anavyokaa, anavyoinuka, na anavyokohoa huku ameshika kinena kama mtu anayezuia mlango usifunguke. Lakini kila nilipofungua mdomo aliniwahi. "Ni upepo tu wa tumbo, Mama Margareta." Upepo gani huo unaotoka asubuhi mtu akiamka na kurudi ndani jioni akilala, kama karani wa serikali?

Albano alikuwa fundi cherehani. Alikaa kwenye baraza ya duka moja kando ya barabara ya Temeke, na kazi yake kubwa ilikuwa suruali za wafanyakazi na kaptula za wanafunzi. Alikuwa Mngoni kama mimi, kutoka Songea, na kushona alifundishwa misheni na bruda mmoja Mjerumani ambaye alikuwa akikuta mshono umepinda anaufumua wote. Basi na yeye akawa mtu wa namna hiyo. Ukimpelekea suruali iliyoshonwa na fundi mwingine, kwanza anaigeuza ndani nje, anakunja uso, ndipo anakumbuka kukusalimia.

Alikuwa amejishonea mkanda. Niliugundua siku moja umeanikwa uani chini ya kanga yangu, umefichwa ili majirani wasiuone. Ulikuwa wa kaki ya mara mbili, una kipande cha pamba iliyoshindiliwa cha kukandamiza pale kinenani, na kamba ya kupita kati ya mapaja. Ulishonwa vizuri kuliko gauni langu la harusi, na nakiri hilo liliniudhi kuliko ngiri yenyewe.

Wakati huo ilikuwa mwaka wa hamsini na tatu, mwaka ambao Malkia mpya alivikwa taji kule Ulaya na sisi huku tukaambiwa tufurahi. Miezi michache kabla ya sherehe hizo alifariki rafiki yake Albano, Romani wa Kipawa, msukuma mkokoteni. Alianza kuumwa Jumapili baada ya misa, na kabla wiki haijaisha tulikuwa tumeshamzika. Wanaume pale msibani walisema "tumbo" na kuangalia chini. Lakini mimi nilikuwa jikoni na mjane wake, na wanawake jikoni hatusemi "tumbo". Aliniambia ilikuwa ngiri. Ilikuwa inatoka na kurudi miaka yote, siku hiyo ikatoka ikakataa kurudi, utumbo ukabanwa pale mlangoni ukafia ndani ya mtu aliye hai.

"Na mkanda alikuwa anavaa," mjane akaniambia. "Si ni mumeo aliyemshonea."

Tulirudi Chang'ombe kwa miguu, mimi na Albano. Mimi nilikuwa na maneno mengi mdomoni nikayameza yote, maana alikuwa analia, na Albano hakuwa mtu wa kulia njiani.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Revelian. Huyu alikuwa jirani yetu wa nyumba ya pili, Mhaya wa Bukoba, dresa katika hospitali ya serikali mjini. Dresa ni yule anayefunga vidonda na kumtafsiria daktari maneno ya wagonjwa. Alikuwa mtu mwema sana, ila ukimwuliza jambo dogo alikupa na la pembeni.

"Dawa ya ngiri ni moja tu," aliniambia, huku akifuta miwani kwa ncha ya shati. "Inaitwa heniorafi."

"Ni sindano?"

"Si sindano, mama. Ni operesheni. Henio ni ngiri. Rafi ni kushona. Kwa Kilatini na Kigiriki."

Nilimwambia mimi Kigiriki sikukifuata, nimefuata kujua kama mume wangu atapona. Hakukasirika. Akanifafanulia kwamba ukuta wa tumbo una sehemu nyembamba pale kinenani, na kwa watu wengine sehemu hiyo inalegea, utumbo unasukuma na kujitengenezea mfuko unaotokeza nje. Daktari anapasua, anaurudisha utumbo kwao, anaukata ule mfuko, halafu anashona ukuta. Watu mitaani wanaita "kukatwa ngiri", alisema, ndiyo maana wanaume wanakimbia, wanafikiri kuna kitu cha kiume kinaondolewa. Kumbe kukata ni sehemu ndogo. Kazi yenyewe, kama jina lake linavyosema, ni kushona.

Niliondoka pale moyo mweupe. Kushona! Nikajiambia, kama kuna mtu mmoja katika Tanganyika nzima ambaye hawezi kuogopa neno hilo, ni Albano. Nilimwomba Bwana Revelian aje amwelezee mwenyewe, kiume, na akaja Jumapili iliyofuata. Walikaa uani kwenye kigoda na sanduku. Mimi nikajiweka nyuma ya mlango na ungo wa mchele, nikipepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Bwana Revelian alianza mbali, akapita kwenye mvua za Bukoba, akafika. "Na kuhusu mambo ya ndani ya nyumba, fundi, usiwe na wasiwasi. Hakuna kitakachopungua. Nimewaona wengi, wametoka pale na baadaye wamezaa."

"Najua," akasema Albano.

"Basi kama unajua hilo, lililobaki ni dogo. Wanashona tu. Ni kazi yako wewe mwenyewe, ya kila siku."

Nikaacha kupepeta ili nisikie vizuri. Albano akamshukuru mgeni kwa adabu zote, akasema ana kaptula za shule za sherehe ya Malkia, watoto wataandamana wamevaa sare, hawezi kuwaacha uchi. Baada ya sherehe wataongea. Bwana Revelian akaenda zake ameridhika, na mimi nikabaki nautazama mchele. Nilimjua mume wangu. Ile haikuwa sauti ya mtu anayesubiri sherehe iishe.

Na kweli, Malkia alivikwa taji, watoto wakaandamana, kaptula zikachafuka, na Albano hakwenda popote.

Mchana mmoja nilimpelekea chakula pale barazani nikakuta kiti kitupu. Mwenye duka alinionyesha kwa kidevu nyuma ya magunia ya unga. Albano alikuwa amelala chali sakafuni, miguu ameiegemeza juu ya gunia, jasho linamtiririka mpaka masikioni, na mkono wake unakanda kinena taratibu, taratibu, kama anayembembeleza mtoto mkorofi. Ilikuwa imekataa kurudi. Nilipiga magoti pale. Sikujua nifanye nini, nikamshika kichwa tu. Nilimwona Romani. Nilimwona binti yetu Margareta kavaa nguo nyeusi. Tulikaa hivyo mpaka chakula kikapoa, kisha nikasikia anashusha pumzi, na mkono wake ukatulia. Ilikuwa imerudi.

Akainuka, akajipangusa, akarudi kwenye cherehani kukanyaga.

Hapo ndipo nilipokasirika hasa. Nimeolewa na mtu mpole, na watu hawajui mtu mpole anavyochosha, maana huna pa kumshikia ukagombana naye. Nilifikiria kwenda kwa padri. Lakini padri angemwita, Albano angeitikia "ndiyo, padri" mara nyingi, na angerudi kukanyaga. Ndugu zake walikuwa Songea. Kaka zangu wasingeweza, shemeji hasemi na shemeji habari za kinena. Na mimi mke, nikilisema hilo mbele ya watu, nimemvua nguo mume wangu sokoni.

Basi nikaenda kwa mtani.

Sisi Wangoni na Wazaramo ni watani, tangu vita vya babu zetu vilipogeuka kuwa vicheko. Mtani anaweza kukuvua kofia njiani akaondoka nayo. Anaweza kukuita mtumwa wake na kutaja viungo vyako kimoja kimoja, maneno ambayo ndugu yako wa tumbo moja akiyasema mtapelekana kwa jumbe. Na wewe huna ruhusa ya kukasirika, ukikasirika aibu ni yako. Kazi yake kubwa ni msibani. Watu wanalia, yeye anakuja amevaa nguo za marehemu, anamwigiza alivyokuwa akitembea, anadai urithi, anakataa maiti isitolewe ndani mpaka apewe haki yake. Na waliofiwa wanampa, huku wanacheka na machozi hayajakauka.

Mtani wetu pale Chang'ombe alikuwa Bi Hija, Mzaramo wa Kimbiji, mkaanga samaki. Alikuwa mwanamke mkubwa wa umri na wa mwili, na mdomo wake ulikuwa unajulikana mpaka Temeke. Nilimkuta kwenye karai lake.

"Shikamoo, Bi Hija."

"Marahaba, kijakazi wangu. Umekuja kuniosha miguu?"

Nilimweleza yote, tangu mkanda mpaka magunia ya unga. Alisikiliza bila kunikatiza, na hiyo peke yake ilinitisha. Samaki wakaanza kuungua.

"Kwa hiyo huyo mtumwa wangu anataka kufa," akasema mwishowe, "na mie sijampa ruhusa."

Alikuja kesho yake wakati baraza imejaa watu. Alikuwa amejifunga kanga kuukuu kiunoni, majivu usoni, mkeka uliochanika kichwani. Alianzia kulia mbali, barabarani kabisa, kilio cha msiba cha haki, mpaka wanawake wa nyumba za jirani wakatoka wameshika vifua wakiuliza ni nani. Akatandaza mkeka mbele ya cherehani ya mume wangu, akaketi.

"Mngoni wangu kafa," akasema. "Poleni jamani. Mtani wangu kaniacha."

Albano alibaki na mkasi mkononi. "Bi Hija, mie nipo."

"Marehemu anaongea. Wangoni hata kufa hawajui."

Watu wakaanza kucheka. Bi Hija akainuka, akamsukuma Albano kutoka kwenye kiti kwa nyonga moja tu, akakaa yeye. Akajivika futi ya kupimia shingoni. Akaanza kukanyaga hewani, akikunja uso vile vile kama Albano, na mkono mmoja ameshika kinena. Ah, alimpata. Hata mimi, niliyekuwa nimejificha nyuma ya nguzo, nilibana kicheko kwa kanga. "Marehemu alikuwa fundi," akawatangazia. "Kashona kaptula za Malkia zote. Tumbo lake mwenyewe kalifunga kwa kamba. Mkewe akimwuliza, upepo. Mwenye duka akimwuliza, upepo. Mie nimefuata urithi wangu. Cherehani nachukua. Mke nampa binamu yangu wa Kimbiji. Ana meno manne, lakini ngiri hana."

Baraza nzima ililipuka. Niliona shingo ya Albano imesimamisha mishipa, nikasema sasa leo nimeiharibu nyumba yangu. Lakini yeye ni mtu wa adabu, na adabu ya utani aliijua. Akajilazimisha kutabasamu. "Mzaramo, nitakununulia muhogo ule uondoke. Msiba wenyewe hauna maiti."

"Maiti ninayo. Hii hapa imevaa sanda." Akamgonga kwa kidole pale pale kiunoni, juu ya mkanda, na sauti yake ikashuka. "Na Romani alizikwa na ya kwake."

Kicheko kilikatika. Hilo lilikuwa neno kali, hata kwa mtani, na nadhani mwenyewe alijua. Albano alikaa chini, kwenye ngazi ya baraza, na mkasi wake magotini.

"Bi Hija," akasema, "hata nyie wengine mnaocheka. Mie siogopi kisu. Naogopa uzi."

Hakuna aliyemwelewa. Akaokota kutoka kwenye taka zake kipande cha kaki kilichofubaa, kimekwisha kwa kufuliwa, akakinyoosha juu ya goti.

"Kila siku watu wananiletea suruali zimechanika hapa, kati ya mapaja. Wanasema, fundi, shona tu. Lakini nguo haichaniki mahali penye nguvu. Inachanika kwa sababu imechoka. Sasa nikivuta kingo mbili zilizochoka nikapitisha uzi, itashika wiki moja, mbili. Halafu inachanika tena, pembeni mwa uzi, na safari hii tundu ni kubwa zaidi." Akaivuta ile kaki, ikaachia bila hata kelele. "Bwana Revelian kaniambia ni kushona tu. Laiti angeniambia kitu kingine chochote. Kushona nakujua mie. Romani aliniuliza kama aende akashonwe, nikamwambia hivi ninavyowaambia, nikampa mkanda."

Nilisimama pale nikaona ujinga wetu sote. Miezi yote ile tulikuwa tunambembeleza mahali pasipouma. Wengine tulidhani anaogopa kisu, wengine tulidhani anaogopea uanaume wake, na tukampelekea lile neno la kushona kama zawadi. Fundi cherehani! Ni sawa na kumwambia mvuvi asiogope, ni maji tu. Na zaidi ya hofu, alikuwa amebeba kifo cha Romani juu ya mgongo wake, peke yake, huku mimi nikimnunia kwa sababu ya gauni la harusi.

Bi Hija alijifuta majivu usoni kwa kanga. "Umemwuliza huyo anayeshona?"

"Nani?"

"Daktari. Umemwuliza anashonaje?"

Albano akatikisa kichwa.

"Basi haki yangu ya msiba ndiyo hiyo," akasema Bi Hija. "Sitaki cherehani, sitaki mke. Kesho unanipeleka mjini nikamwone anayetaka kunitilia uzi mtumwa wangu. Ukinikatalia, nalala hapa hapa mpaka mwenye duka aniombe talaka."

Mtani akidai haki yake ya msiba mbele ya watu, humnyimi. Kesho yake tulipanda basi la mjini watatu, na Bi Hija akamtoza Albano nauli yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyefiwa.

Daktari alikuwa Mwingereza kijana, mrefu, masikio mekundu kwa jua. Bwana Revelian alisimama katikati kutafsiri. Alipoona Albano anatoa mfukoni vipande viwili vya kaki, kimoja kipya na kimoja kilichochoka, akatuangalia kwa aibu kidogo, kama tumeleta kuku wodini. Lakini yule daktari alivuta kiti, akakaa, magoti yake yakawa karibu na magoti ya mume wangu.

Albano akaweka kaki iliyochoka mezani. "Mwulize, uzi anapitisha wapi?"

Bwana Revelian akauliza. Daktari akaitazama ile kaki, akaitoboa kwa kidole, akatikisa kichwa. Akasema kwa kirefu, na Bwana Revelian akatafsiri polepole, na kwa mara ya kwanza hakuongeza la kwake.

"Anasema hapo hapitishi kabisa. Palipochoka anapaacha. Kuna nyama nzima juu yake, yenye nguvu, hiyo ndiyo anaishusha. Na chini kuna ukanda mgumu unaopita kinenani kutoka nyonga mpaka mbele, huo hauchakai. Anashona ile nyama nzima kwenye ule ukanda. Palipochoka panabaki nyuma, pamefunikwa."

Albano alichukua kaki mpya, akaikunja juu ya ile iliyochoka, akaibana kwenye ukingo wa meza. "Kama kushonea kwenye ukanda wa kiuno," akasema, nusu kwa daktari na nusu kwa nafsi yake. Kisha akauliza ni uzi gani. Hariri, akajibiwa. Akauliza kama mshono unakwenda moja kwa moja. Hapana, kila mshono una fundo lake, mmoja ukikatika mingine inabaki. Niliona mabega ya mume wangu yanashuka kidogo.

"Na akikuta nyama yote imechoka?"

Daktari akacheka, akasema jambo kwa Bwana Revelian. Kumbe hata kwa hilo wana neno. Kwa mtoto mdogo, ambaye ukuta wake bado mzima, wanakata ule mfuko tu, na hiyo inaitwa heniotomi. Kwa mtu mzima wanakata mfuko na kushona ukuta, ndiyo heniorafi. Na kwa yule ambaye ukuta umekwisha kabisa, wanatia kiraka, wanaita henioplasti.

"Kiraka cha nini?"

"Cha ngozi ngumu ya ndani ya paja lako mwenyewe."

"Kitambaa kile kile," akasema Albano. "Vizuri."

Bi Hija alikuwa amekaa nami kwenye benchi. Akaniminya mkono.

"Swali la mwisho," akasema Albano. "Huwa unafumuka?"

Bwana Revelian alisita. Niliona anatafuta njia ya kulizunguka. "Fundi, hilo halina haja, yeye ni mtaalamu..."

"Bwana Revelian, nakuomba. Mpelekee kama lilivyo, na uniletee kama litakavyokuja."

Akalipeleka. Daktari alipojibu alimtazama Albano mwenyewe, si mkalimani.

"Anasema, ndiyo. Wako ambao unafumuka. Wengi hapana, hasa mtu akitulia miezi ya mwanzo, asibebe na asikanyage cherehani. Lakini hawezi kukuahidi. Ukifumuka, urudi, atashona tena."

Nilimwona Albano anakusanya vitambaa vyake, anavikunja, anavirudisha mfukoni, nikajua ndiyo basi, tunarudi Chang'ombe na mkanda. Nilikuwa tayari kumpiga yule daktari. Angeshindwaje kudanganya kidogo tu?

"Nije lini?" akauliza Albano.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilimshika mkono nikamwuliza amepata nini mle ndani. Akaniambia wateja wake nao humwuliza hivyo hivyo, fundi, itashika? Na yeye huwaambia anavyoona, hata wakimkimbia. "Kanijibu kama ningejibu mie," akasema. Bi Hija akasema Wangoni wanapenda habari mbaya, ndiyo maana wanaoana wao kwa wao.

Wiki iliyofuata walimwingiza chumba cha kupasulia. Tulikaa nje, mimi na Bi Hija, na mwanzoni alinitania, akaniuliza binamu yake wa Kimbiji aje lini kuniposa. Kisha nikamsikia anasoma dua yake chini chini, na mimi nikasali rozari yangu, bega kwa bega, hadi magoti ya mtu mzima yule yakaanza kumuuma na bado hakutaka kuondoka. Walipomtoa alikuwa amelala mdomo wazi, mweupe midomo, hai. Bi Hija akamsogelea akamwangalia vizuri. "Mtumwa kapona," akasema, kisha akageukia ukutani akalia.

Siku ya kutoa bandeji nilikuwepo wodini. Ilikuwa asubuhi, madirisha wazi, jua limejaa kitandani. Bwana Revelian aliivua bandeji taratibu, akatazama, akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi nilikuwa nimegeuza uso, kwa mazoea. Tangu ngiri imwanze, Albano hakuwahi kuniruhusu nimwone pale mahali, si kwa taa wala kwa jua.

"Anjelina," akaniita. Jina langu hasa, si la mama wa mtoto. "Niangalie mshono. Mie sijaweza kuinama."

Nikageuka. Nikaangalia. Ulikuwa mstari mmoja, mwekundu, mrefu kama kiganja changu, na pembeni alama ndogo ndogo za uzi. Hapakuwa na uvimbe. Palikuwa tambarare.

"Umenyooka?"

Nilimjua ninayeongea naye, nikaona nisimdanganye. "Umepinda kidogo. Huku mwisho."

Akafumba macho, na nikaona anawaza. Halafu akaniambia nimsogelee, akageuza uso pembeni, akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha makusudi, na uso wake ukakunjamana kwa maumivu. Mikono yake yote miwili ilikuwa juu ya shuka. Hakuna uliokwenda kinenani.

"Umeshika?" akaniuliza.

Nikaweka kiganja changu pale, juu ya ngozi yake ya moto, kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na nikamwambia akohoe tena. Akakohoa. Chini ya mkono wangu hakuna kitu kilichosogea.

"Umeshika," nikamwambia, na sikuuondoa mkono.